Kitunguu Kilichochipua: Tafakari juu ya Kadi za Faraja za Wajapani

Mwalimu mmoja kutoka Japani alifundisha hisabati kwa kujitolea katika sekondari moja hapa Songea, akapanga chumba jirani na nyumba yetu. Hakuwa Mkristo, lakini watoto wetu walimpenda, na jioni alizoea kuja kunywa chai na kujifunza Kiswahili kwa mke wangu. Siku moja alikuja na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na kadi kumi na moja za posta zilizochorwa kwa mkono. Zote zilikuwa zimetumwa kwa shangazi yake, aliyepoteza nyumba katika maafa ya mwaka 2011. Shangazi alipofariki, kadi zikawa urithi wa mwalimu, naye akazibeba hadi huku kwetu.

Nilizitazama kwa adabu tu, kama mtu anavyotazama albamu ya harusi ya watu asiowajua. Kisha nikafika kwenye kadi yenye kitunguu, nikashindwa kuiweka chini. Makala haya yametokana na kadi hiyo, na na mahubiri yangu mwenyewe ambayo kadi hiyo iliyahukumu.

Sanaa ya mkono usio hodari

Wajapani huiita sanaa hii etegami. Jina limeundwa kwa maneno mawili: e, yaani picha, na tegami, yaani barua. Mtu aliyeieneza zaidi ni Kunio Koike, mzaliwa wa Ehime mwaka 1941, aliyeifundisha na kuipigia debe. Kauli yake inayojulikana kuliko zote ina maana hii: kuchora vibaya si neno, tena huko kuchora vibaya ndiko kuzuri.

Utaratibu wake unaifuata kauli hiyo. Mchoraji hushika brashi juu kabisa, mwishoni mwa mpini, mbali na nywele zake, ili mkono usiweze kuitawala. Mstari hutoka ukitetemeka kama mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Hutumia wino mweusi wa masizi, halafu rangi za maji. Hatangulizi penseli, na akikosea hafuti. Huchora kilicho mbele ya macho yake: tunda, mboga, ua, samaki wa kitoweo. Hukichora kikubwa, mara nyingi hata kikavuka ukingo wa kadi. Pembeni huandika maneno machache, hugonga muhuri mdogo mwekundu ambao aghalabu amejichongea kwenye kifutio cha shule, kisha hupeleka kadi posta. Kadi iliyobaki mezani bado haijamaliza kazi yake.

Sisi wa Ruvuma tukizungumza habari za uchoraji, humkumbuka Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege kule Dar es Salaam, akiwauzia wageni wa Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake umelisha familia nyingi hadi leo. Simpunguzii heshima hata kidogo. Ila picha ya Tingatinga hutengenezwa ipambe ukuta wa mtu yeyote atakayeinunua. Etegami hutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye jina na anwani. Ukiipima kwa mng'ao wa rangi na uhodari wa mkono, itashindwa mapema. Ipimwe kwa swali lingine: je, aliyeipokea ameonekana?

Kadi tatu

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 9.0 lilitokea baharini, mashariki ya Japani. Tsunami iliyofuata ilibomoa miji ya pwani katika mikoa ya Iwate, Miyagi na Fukushima, ikaharibu kinu cha nyuklia cha Fukushima. Zaidi ya watu 18,000 walikufa au kutoweka. Zaidi ya 400,000 walijikuta wakilala katika kumbi za shule na majengo ya umma, na theluji ilikuwa inaanguka. Baadaye wengi waliishi kwa miaka katika nyumba za muda, mbali na majirani zao wa zamani.

Katika mji wa Ishinomaki, mitambo ya gazeti la huko ililowa, isiweze kuchapa. Waandishi wakachukua karatasi kubwa na kalamu za wino mzito, wakaandika habari kwa mkono kwa siku sita na kuzibandika kwenye vituo vya waliokimbia maji. Nalitaja jambo hili kwa sababu linafundisha kitu: mashine zikinyamaza, mkono wa mtu bado unaweza kumfikia mwenzake. Ndiyo maana wapenzi wa etegami nao walianza kutuma kadi kwa waliopatwa na maafa. Shangazi wa mwalimu wetu alikuwa mmoja wa waliozipokea.

Kadi ya kwanza ninayotaka kuieleza ndiyo iliyochorwa vizuri kuliko zote kumi na moja. Ina mlima, maua ya mcheri, na mstari ulionyooka. Maneno yake, mwalimu alinitafsiria, ni ya kuhimiza: jitahidini, msikate tamaa. Neno hilo la kuhimiza lilisikika kila mahali Japani mwaka ule, na wapo walionusurika ambao baadaye lilianza kuwaelemea. Mtu aliyekwisha kujitahidi hata nguvu zikamwishia, unapomwambia ajitahidi unamwongezea mzigo. Tena kadi ile haisemi na shangazi. Inasema na taifa zima. Ungeweza kufuta anwani na kumtumia mtu mwingine, isiharibike kitu.

Kadi ya pili ina soksi moja. Moja tu, tena kisigino kimechorwa kikapinda vibaya. Maneno yake yanauliza kama miguu ya shangazi inapata baridi. Aliyeituma alikuwa na habari kwamba ukumbi wa shule una sakafu ya mbao na kwamba nje kuna theluji. Alikuwa ameufikiria mwili wa mtu yule: miguu yake. Kadi hii ni bora kuliko ile ya kwanza, ingawa mwalimu wa sanaa angeipa alama chache.

Ya tatu ndiyo kitunguu. Kitunguu cha kawaida, kimelegea upande mmoja, na juu yake limechomoza chipukizi la kijani ambalo kadi haikulitosha. Limekatwa na ukingo. Maneno yake yanaarifu tu kwamba kitunguu hiki kimechipua chenyewe jikoni, hakuna aliyekimwagilia maji. Basi. Haimwambii shangazi kwamba na yeye atachipua. Haifanyi kitunguu kuwa mfano wa jambo lolote. Inamwonyesha kitu kilichotokea na kumwacha afanye nacho anavyoweza. Mwalimu aliniambia shangazi aliibandika kadi hiyo ukutani mwa nyumba yake ya muda, na ile ya mlima aliiweka chini kabisa ya kopo.

Nadhani naelewa ni kwa nini. Mchoraji wa kitunguu alikuwa na nafasi ya kuhubiri, akajizuia. Mimi sikujizuia.

Mahubiri yangu

Masika ya mwaka uliotangulia, upepo wenye mvua ya mawe ulipiga kitongoji kimoja cha usharika niliokuwa nikiuhudumia, nje ya mji. Uliezua bati za nyumba kadhaa, na ukuta wa matofali mabichi uliokuwa umelowa ukaanguka usiku ukamwua mtoto wa miaka sita. Niliongoza ibada ya mazishi. Nilijiandaa vizuri. Nilieleza kwa hoja tatu kwa nini Mungu huruhusu maafa: kutupima, kuturudi, na kutukumbusha kwamba dunia si kwetu. Wazee wa kanisa walinipongeza. Mmoja aliniomba nakala.

Baada ya wiki tatu nilimtembelea mama wa mtoto, kwa kuwa alikuwa hajaonekana kanisani. Alinipa kigoda, akaniletea maji, akauliza habari za nyumbani kwangu. Kisha akasema bila ukali wowote, "Mchungaji, ulihubiri vizuri. Ila jina la mwanangu hukulitaja."

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari la mahubiri. Zilikuwa kurasa nne. Niliandika "marehemu" na "mtoto wetu" mara nyingi, lakini jina lake halikuwamo. Mahubiri yale ungeweza kuyasoma kwenye msiba wowote, wa mtu yeyote. Yalikuwa kadi ya mlima.

Wapendwa, sidhani kama niko peke yangu. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika makazi ya Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Taifa lilichanga fedha, nguo na chakula, jambo ambalo tunamshukuru Mungu kwalo. Lakini kumbukeni pia simu zetu zilivyokuwa siku zile. Zilijaa video za tope, zikifuatwa na maelezo: hii ni ghadhabu, hizi ni siku za mwisho, watu wa kule walifanya hili na lile. Tulikuwa wepesi wa kueleza. Watu wa Hanang walikuwa bado wanachimba kwa majembe.

Maandiko hayatupi ruhusa hiyo. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi bora waliyoifanya katika kitabu kizima. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakemea. Katika Luka 13, Bwana wetu alikumbushia mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane. Alikataa kabisa kuwapima wale waliokufa kwa dhambi zao; aliwageukia walio hai akawaita watubu. Na kwenye kaburi la Lazaro, akijua vema atakachofanya baada ya dakika chache, alilia kwanza.

Sisi Walutheri tuna sababu nyingine ya kulielewa hili. Huko Heidelberg mwaka 1518, Martin Luther alitofautisha teolojia ya utukufu na teolojia ya msalaba. Ile ya kwanza hupenda kumtafuta Mungu katika nguvu na fahari, na hatimaye hulipamba ovu mpaka likaitwa jema. Ya pili humtafuta Mungu pale alipojificha, katika udhaifu na mateso, na haioni haya kuliita jambo baya kuwa baya. Luther hakuishia kwenye hoja. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alibaki na wagonjwa wakati wengine wanaondoka. Aliandika barua nyingi za faraja kwa watu mmoja mmoja: wajane, wagonjwa, wazazi waliofiwa. Binti yake Magdalena alipofariki mwaka 1542, akiwa na miaka kumi na mitatu, hakuificha huzuni yake. Huyu ndiye mwalimu wetu, na sehemu kubwa ya uchungaji wake ilipita katika barua zenye jina la mtu juu yake.

Swali la haki

Mtu ataniuliza: Mchungaji, mbona unasifu kadi ambayo haimtaji Kristo? Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Kitunguu hakiwezi kusema kwamba Yesu amefufuka. Sisi tunaweza, tena tumetumwa kusema. Ningekuwa mchungaji wa ovyo kama ningewapelekea wafiwa mboga zilizochorwa na kuwanyima Injili.

Lakini tazameni jinsi Injili yenyewe ilivyotufikia. Mungu alipotaka kutufariji alimleta mtoto aliyezaliwa mahali fulani, kwa mama fulani, akapewa jina siku ya nane. Injili ina anwani. Nikiitangaza bila kumtazama ninayemwambia, maneno huenda yakawa ya kweli, lakini nimeyatoa katika mwendo ambao siyo wake. Hiki ndicho mchora kadi asiye Mkristo alichonifundisha mimi niliyesoma chuo cha teolojia.

Kadi ina mipaka yake. Yakobo katika sura ya pili ya waraka wake anatuonya juu ya kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani. Kadi ya soksi bila soksi yenyewe ni dhihaka, na mwalimu alinihakikishia kwamba soksi zilifuata katika kifurushi. Mpaka wa pili ni wajibu. Wajapani waliendelea kuulizana, pamoja na faraja zote, nani alijibika kwa yaliyotokea kwenye kinu cha Fukushima. Na sisi vivyo hivyo: ukuta uliomwangukia mtoto wetu ulijengwa kwa matofali mabichi kwa sababu ya umaskini, na upole wetu usigeuke blanketi la kufunikia jambo hilo. Mpaka wa tatu ni nafsi ya mtumaji. Kadi inayopigwa picha na kuwekwa kwenye "status" kabla ya kumfikia mwenyewe imekwisha kubadilisha mpokeaji.

Kwetu je?

Mtu asidhani kwamba nawaomba tuwe Wajapani. Tayari tunayo sanaa ya picha na maneno machache ambayo watu hupeana: kanga. Ina pindo, ina mji, ina maneno yake. Mwanamke anaweza kumpa mwenzake kanga na kumwambia jambo ambalo mdomo usingeweza kulitamka. Wengi tumewaona mama zetu wakifungwa kanga mpya kiunoni siku ya msiba. Kanga inashinda kadi kwa jambo moja kubwa: inamfunika mtu, inambeba mtoto, inajifuta machozi. Inashindwa kwa jambo jingine: maneno yake yalichapwa kiwandani kwa maelfu kabla msiba haujatokea. Hekima iko kwa yule anayechagua. Dada aliyezunguka maduka mawili matatu akitafuta neno linalomfaa mwenzake amefanya kazi ileile ya mchora kitunguu. Aliyechukua kanga yoyote iliyokuwa juu ametimiza desturi.

Salamu zetu za simu nazo nyingi ni kanga za namna hiyo ya pili. Waridi jekundu, mshumaa, neno "Pole", na juu kabisa alama ya kwamba ujumbe umepitishwa mara nyingi. Sisemi ni dhambi. Nasema kwamba mfiwa anajua.

Baada ya mwalimu kurudi kwao, nilikata kipande cha karatasi ya manila, nikachukua rangi za maji za mwanangu. Nilitaka kuchora muhindi, kwa kuwa ndio uliokuwa mezani. Nilishika brashi mwishoni mwa mpini kama nilivyoonyeshwa. Niliandika jina la yule mtoto, na kwamba mwaka huu angekuwa anaanza darasa la kwanza. Sikuongeza andiko. Hakuna tarishi wa kufikisha barua kitongojini, basi niliipeleka mwenyewe kwa baiskeli.

Mama aliitazama muda mrefu. Kisha akacheka. Alidhani nimechora samaki. Nilipomwambia ni muhindi alicheka zaidi, akamwita jirani yake aje aone. Halafu akalisoma jina kwa sauti, mara mbili, akanyamaza. Safari hii nami nilinyamaza. Tulikaa hivyo mpaka kuku walipoanza kuingia bandani. Nilipoaga aliiingiza kadi kwenye kioo cha kabati la vyombo, mahali ambapo kila anayeingia ataiona.

Miezi mitatu baadaye alirudi kanisani. Sisemi kadi ndiyo iliyomrudisha. Majirani waliomletea kuni na kumlimia shamba wana sehemu kubwa kuliko mimi, na Roho Mtakatifu ana yake. Lakini tangu siku ile nina desturi moja. Kabla ya kuandika mahubiri ya mazishi naenda kwanza msibani mikono mitupu, nauliza jina aliloitwa nyumbani, alipenda kula nini, alikuwa akikaa wapi jioni. Ninaandika hayo juu ya ukurasa. Yanayofuata siku hizi huwa mafupi.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wengi wetu hatuna fedha za kuezeka upya nyumba ya jirani iliyoezuliwa, na wengi tunaogopa kwenda kwa mfiwa kwa kuwa hatujui la kusema. Nendeni hivyohivyo. Ukiwa na bati, peleka bati. Ukiwa na kuni, peleka kuni. Ukiwa huna, peleka macho yako na jina la marehemu mdomoni mwako, na mkono wako usio hodari. Bwana wetu aliyeonyesha mikono yenye makovu hatadai mikono yetu iwe na ustadi.